Wimbo wa Nje ya Minyaa

Nimeitwa mzee mwenye wivu. Nimeitwa mharibifu wa furaha za watu, na mmoja wenu, sijui ni mtoto wa nani, ameandika chini ya ile video kwamba nirudishwe porini nikachunge mbuzi. Mbuzi ninao, ahsante. Nimeyasoma maoni yote mwenyewe kwa miwani, moja baada ya jingine, mpaka simu ikaisha chaji. Sasa na mimi nitasema, na mtanisikiliza, kwa sababu hakuna kati yenu aliyeifanya kazi hii hata wiki moja, na mimi nimeifanya tangu sijaota ndevu mpaka zimekuwa nyeupe.

Naitwa Nkwabi, wa hapa Sapiwi. Kazi yangu ilikuwa kupiga zeze na kuwaimbia mabinti kwa niaba ya wanaume waliowapenda. Msicheke, ilikuwa kazi kama kazi nyingine. Kijana akimpenda binti wa kaya fulani, na ulimi wake ni mzito, alinifuata mimi. Nilikwenda jioni, saa ng'ombe wanarudi zizini, nikasimama nje ya ule uzio wa minyaa unaozunguka mji wao, nikaimba. Nje, nasema. Nje! Hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Aliyenifundisha alikuwa mzee mmoja mfupi, mwenye kikohozi na hasira za karibu, akiitwa Luhende. Nilidhani siku ya kwanza atanifundisha kushika upinde. Wapi! Alinipeleka kwenye minyaa ya kwake, akachora mstari chini kwa kisigino.

"Ukivuka hapa," akasema, "wewe si mwimbaji tena. Ni mtu ambaye hakualikwa."

"Na mvua ikinyesha?"

"Utalowa."

"Na wakifungulia mbwa?"

"Utakimbia. Lakini utakimbilia huko huko nje."

Zeze lenyewe mnalichukulia kama kitu cha kupigia picha. Nimeona vijana wamelishika kichwa chini miguu juu, kibuyu kimewaelekea usoni, wanatabasamu. Kibuyu kinakaa tumboni, ng'wanone, mwanangu, kwa sababu tumbo lako nalo linasaidia sauti kutoka. Uzi wetu ulikuwa wa mshipa wa ng'ombe, unakaushwa kivulini, si juani, ukikaushwa juani unakatika wimbo wa kwanza tu na wewe unabaki umesimama pale kama mjinga. Kuna wakati nilijaribu waya wa klachi ya pikipiki. Unalia sana, ndiyo, lakini unalia kwa ukali hata ndama wanakimbia. Niliutumia mwezi mmoja nikarudi kwenye mshipa wangu. Upinde unaupaka utomvu kidogo, kidogo! Na usiku zeze linaning'inizwa darini mbali na panya.

Lakini kupiga ilikuwa nusu tu ya kazi. Nusu nyingine ilikuwa kuuliza. Kabla ya kwenda kwenye kaya yoyote, ulipita kwanza kisimani na pale ng'ombe wanaponyweshwa, ukasalimia watu, ukakaa, ukajua habari za mji ule. Je, binti ana mtu? Je, wana msiba? Je, mama yake ni mtu wa wapi? Na ng'ombe wao ni wa rangi gani, maana kwetu huwezi kusifu mji ukaruka ng'ombe. Mimi siku moja nilijiona nimeshakuwa bingwa, nikaacha kupita kisimani. Nikasimama nje ya minyaa ya mzee mmoja kule Bukundi, nikamsifu dume lake jekundu lenye baka jeupe, pembe zake, nundu yake, mwendo wake, robo saa nzima. Mzee akatoka taratibu amebeba kitu mkononi.

"Kijana," akaniambia, "huyo unayemsifu tulimla kwenye msiba wa mama mkwe wangu. Ngozi yake ndiyo hii naikalia."

Mbwa walifunguliwa. Nilikimbilia nje, kama nilivyofundishwa.

Luhende alikataza pia nyimbo za macho na shingo na kiuno. "Macho yake anayajua," alisema, "ana kioo." Uliimba pamba aliyoipalilia, maji anayochota kabla jua halijatoka, mama aliyemlea. Jina la mwanaume lilitajwa mwishoni kabisa, tena mara moja. Nyimbo zenyewe hazikuzidi tatu. Na baada ya kila wimbo ulinyamaza. Hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu, vijana, kwenye kunyamaza. Ulinyamaza muda mrefu mpaka ukasikia ng'ombe wanacheua, kwa sababu ulikuwa umeuliza swali, na mtu aliyeuliza anasubiri.

Binti alikuwa na njia zake za kujibu. Akileta maji kwenye kibuyu akayaweka karibu na mwanya wa minyaa, maana yake unaweza kuja tena siku nyingine. Hajakubali kuolewa! Amekubali tu uje tena. Asipotokea, unasema wabeja, ahsante, unarudi kwenu. Na akichukua mtwangio akaanza kutwanga, hapo unafunga zeze wakati ule ule, hata kama ulikuwa katikati ya neno. Amekataa. Na mwanaume aliyekutuma hana ruhusa ya kumsumbua njiani. Hakuna aliyetukanwa, maana binti anayetwanga yuko kazini, nani atamlaumu? Alikuwa amesema hapana mbele ya baba yake, kaka zake na majirani, bila kufungua mdomo.

Nasikia redioni mnazungumzia mila. Mmoja alisema mila yetu ni ile ya vijana kumzingira binti njiani akitoka mnadani, kumi kwa mmoja, wakimwambia chagua, chagua, na hapiti mpaka achague. Chagulaga! Eti utamaduni. Hiyo ilikuwepo, sikatai, niliiona kwa macho yangu, na niliona mabinti wanaporudi nyumbani wakilia, kitenge kimechanika. Mtu kuzingirwa si kuulizwa. Mimi nilikuwa na zeze moja na miguu miwili, na nilikuwa nje ya uzio, na yeye alikuwa kwao.

Sasa niwaambie kosa langu, kwa sababu mtu anayewakaripia wengine na yeye akaguliwe.

Palikuwa na binti akiitwa Kabula, kijiji cha jirani. Mwanaume mmoja wa Bukundi, mwenye mifugo mingi na umri wa kutosha kumzaa, alinituma kwake, akaniahidi mtamba. Mtamba mzima! Wenzangu walikuwa wanalipwa kuku. Nikaenda, nikasimama nje ya minyaa, nikaanza wimbo wa kwanza. Sijafika hata katikati, Kabula akatoka jikoni, akashika mtwangio, akaanza kutwanga.

Nilitakiwa kufunga zeze. Nilijua kama ninavyojua jina langu. Lakini mapigo yake yaliangukia sawasawa na wimbo wangu, jamani, sawasawa kabisa, na vidole vyangu vikamfuata. Akitwanga, namjibu. Akitwanga mara mbili, namjibu mara mbili. Yeye akaongeza nguvu ili anizime, mimi nikapandisha sauti. Majirani wakatoka, watoto wakaanza kucheza, wanawake wakapiga vigelegele. Baba yake akasimama mlangoni amekunja mikono, anacheka kwa furaha. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kusikia zeze na kinu vinakwenda pamoja. Nilijiona mimi ndiye mimi, Usukuma mzima hakuna mwingine.

Na kile kinu kilikuwa kitupu. Mtu yeyote aliyekulia kwenye nyumba yenye kinu anajua tofauti. Kikiwa na mtama sauti ni nzito, inazama. Kikiwa kitupu ni mti unagonga mti. Kabula hakupata muda wa kutafuta mtama, alishika tu mtwangio anifukuze. Mimi, mtu wa masikio, nilisikia tangu pigo la kwanza. Nikajisemea moyoni, afadhali kitupu, kinalia vizuri zaidi.

Baba yake akasema binti amekubali, si mmeona wenyewe ameupokea wimbo? Kabla ya msimu wa pamba kuisha Kabula alikuwa ameshapelekwa Bukundi. Nilipata mtamba wangu. Nikaanza kuitwa huku na huku, "yule wa kinu," na kila nilikokwenda walinitaka nirudie.

Luhende alipopata habari alikuja kwangu kwa miguu, anakohoa njia nzima. Hakunisalimia.

"Alitwanga?"

"Alitwanga."

"Ukaendelea?"

Nikaanza kumweleza habari ya mapigo, jinsi yalivyokuwa yanaangukia. Akachukua zeze langu ukutani, akatoa kisu, akakata uzi, akautia mfukoni, akaondoka. Msimu ule nililima pamba tu. Watu walipokuja kuniita niliwaambia naumwa kidole.

Kabula nilikutana naye miaka mingi baadaye, kwenye ghala la kununulia pamba, amepanga foleni na gunia lake. Nilimsalimia kwa furaha, mjinga mimi. Akaniangalia. "Siku ile mikono yangu ilichubuka mpaka ikatoa damu," akasema. "Nikainua macho nikakuona unatabasamu." Kisha zamu yake ikafika, akabeba gunia lake kwenda kwenye mizani. Hakunitukana. Ningefurahi angenitukana.

Baada ya hapo nilirudi kwa Luhende nikaomba kufundishwa upya, na nikaimba miaka mingine zaidi ya thelathini, na hakuna binti aliyeshika mtwangio mimi nikaendelea. Hilo nililisema kila mahali kwa kujivuna. Kisha zikaja simu na nyimbo za studio, ambazo mwimbaji anaimba mara moja na jina la binti linabandikwa baadaye. Niliwahi kusikia mmoja ambao jina la zamani lilikuwa refu, na lile jipya fupi, basi kila linapofika kuna kimya kidogo, utadhani mwimbaji amesahau anampenda nani. Mkaacha kuniita. Sikulalamika. Nikatundika zeze, nikabaki na mbuzi wangu.

Ndipo akaja Deo. Huyu Deo ni kijana anayeuza simu pale Bariadi mjini, karibu na stendi. Alikuja na pikipiki, viatu vinang'aa, akapiga magoti kunisalimia, guku, yaani babu, guku huku, guku kule.

"Guku, nataka kumvisha mchumba wangu pete. Sapraizi. Nataka iwe ya asili, na zeze, watu walie."

"Anakujua?"

"Ananijua sana."

Sikuuliza tena. Mimi, niliyefukuzwa na mbwa kwa kuacha kupita kisimani, sikuuliza tena! Nilivaa shati langu zuri.

Binti mwenyewe anaitwa Minza, fundi cherehani, anashonea kwenye baraza la maduka na mafundi wenzake. Ilikuwa saa kumi jioni. Deo alikuwa ameleta spika mbili juu ya guta, mshereheshaji mwenye kipaza sauti, vijana wa bodaboda wasiopungua ishirini, na kila mmoja simu iko juu. Mimi waliniweka hatua mbili tu kutoka kwenye cherehani yake. Hakuna uzio, hakuna mwanya, hana pa kwenda, nyuma yake ukuta. Nikapiga wimbo wa kwanza. Nikapiga wa pili. Deo akapiga goti, akafungua kiboksi cha pete, na umati ukaanza: "Sema ndiyo! Sema ndiyo! Sema ndiyo!" Minza alikuwa ameshika sare ya shule aliyokuwa anaishona, ameinamisha kichwa. Mwanamume mmoja, tena mtu mzima, akamkamata mkono akamnyoosha kidole kwa ajili ya pete.

Hapo nikaacha kupiga. Na mjue, hakuna aliyegundua. Zeze liliendelea kulia! Lilikuwa linatoka kwenye spika, limerekodiwa na mtu mwingine sijui wa wapi, mimi nilikuwa pambo tu. Nikamnyang'anya mshereheshaji kipaza sauti.

"Binti," nikasema, "huyu mtu umemwita?"

Akainua kichwa. "Yaya," akasema Kisukuma, kwa sauti ndogo. Kisha akasema Kiswahili ili wote wasikie. "Sikumwita. Nimeshamwambia hapana mara tatu."

Mara tatu! Na yule mpumbavu alijua. Alileta watu ishirini na spika mbili ili ya nne ashindwe kuisema. Mnaniambia hayo ni mapenzi? Ni chagulaga yenye betri! Na umati ukamzomea nani? Ukanizomea mimi. "Mzee kalewa! Mtoeni!" Yule mwenye kumkamata binti mkono hakuna aliyemzomea.

Video ikaenda, hayo mnayajua. Msichokijua ni kilichoendelea Sapiwi. Baba yake Minza ni Maduhu, mkulima wa pamba, mtu mtulivu, kanisani anakaa benchi la pili. Watu wakaanza kumpitia: binti yako amemwaibisha kijana wa watu mbele ya nchi nzima. Shemeji zake wakampigia simu. Halafu wajomba wa Deo wakaleta ujumbe kwamba wako tayari kusamehe aibu ile, watakuja Jumamosi kujitambulisha rasmi. Maduhu akachoka na maneno, akasema waje. Kwetu, wageni wa namna hiyo wakishapokelewa wakala, kurudi nyuma ni kazi kubwa. Ijumaa Minza alikuja kwangu.

"Guku, njoo kesho useme ulichokiona. Mimi nikisema, wanasema nina kiburi cha mjini."

Nikaenda. Wajomba watatu wako kwenye viti, soda mezani, Deo kavaa koti kwenye jua lile. Minza hakuwekewa kiti, alisimama kwenye mlango wa jikoni. Nilipopewa nafasi niliwaeleza ya barazani, kisha nikawaeleza ya Kabula, yote, na kinu kitupu, na mtamba niliopokea. Nilikuwa sijawahi kuyasema mbele za watu.

"Hayo ni ya zamani, mzee," akasema mjomba mmoja, anafungua soda.

"Zamani?" Nikasimama. "Kijana wenu mwenyewe ameambiwa hapana mara tatu mwaka huu huu, hizo nazo ni za zamani? Ana masikio au ana simu tu?"

"Mzee Nkwabi," akasema Maduhu, "umesema, kaa."

Nikakaa. Maduhu akageuza kiti chake, akawapa wale wageni mgongo, akamtazama binti yake.

"Ng'wanone, mimi sijakuuliza. Tangu haya yaanze sijakuuliza hata siku moja. Unamtaka?"

"Yaya, baba. Simtaki."

"Lakini Maduhu," akasema yule mjomba, "watu wote wameshaona..."

"Hao watu wote hakuna hata mmoja anayeolewa leo," Maduhu akajibu. "Malizeni soda zenu taratibu. Barabara ni mbaya, msichelewe."

Waliondoka. Deo alipita karibu yangu bila kunitazama. Na mimi, siwafichi, kifua kilinijaa. Nilijiona nimemlipa Kabula. Nilikuwa tayari natunga kichwani jinsi nitakavyowasimulia nyinyi: mzee mmoja, mbele ya umati, aliyesema kweli.

Minza akanisindikiza mpaka njiani. Tulipofika mahali pa kuagana nikasubiri anishukuru. Alinishukuru, vizuri kabisa, kwa mikono miwili. Kisha hakuondoka.

"Guku, kuna kitu nataka kukuuliza."

"Uliza, mayu, mama yangu."

"Siku ile kwenye baraza. Wimbo wa kwanza niliinamisha kichwa, nikasema moyoni, huyu mzee ni wa kazi hii, ataniona. Wewe ukaanza wa pili."

Nilitaka kumwambia spika zilikuwa na kelele. Kweli zilikuwa na kelele. Nilitaka kumwambia macho yangu si ya zamani, na hilo nalo ni kweli. Lakini nilikuwa hatua mbili kutoka kwake, na simu ishirini zilikuwa zimenielekea, na tangu mlipoacha kuniita hakuna mtu aliyekuwa amenisikiliza.

"Uliniona?" akauliza.

"Nilikuona, ng'wanone."

Akaitikia kwa kichwa, akafunga kitenge chake vizuri, akarudi kwao. Basi, waliokuwa wananitukana na wale wachache walioandika eti mimi ni shujaa, nimewaambia nyote pamoja.